Dereva Naye Ni Mtu: Magari Mepesi na Haki Katika Michezo ya Vita

Ugomvi mwingi wa michezo ya mbinu za vita huanzia kwenye gari dogo. Mchezaji ana Jeep iliyomgharimu pointi chache tu. Zamu ya kwanza anaitoa msituni na kuipitisha kasi barabarani, mbele ya mstari mzima wa adui. Adui anafyatua, Jeep inaungua, na mwenyewe anafurahi: sasa amejua kila bunduki imefichwa wapi. Zamu ya pili mizinga yake inapiga palepale. Ukifungua kitabu cha kanuni hukuti alipovunja sheria. Hata hivyo mwenzake ameshakunja uso, na raha ya mchezo imekwisha kabla haujakolea.

Nawaandikia vijana wa Butembo na Beni wanaopenda michezo hii, iwe kwenye simu, kwenye skrini ya chumba cha michezo cha mtaani, au mezani kwa ramani, kete na dadu. Nawaandikia pia kaka, dada na walimu wanaowaongoza. Nataka nieleze kwa nini mbinu ile inaudhi, kisha nitoe kanuni mnazoweza kukubaliana nazo leo hii. Watu wengi duniani hucheza vita ambavyo hawajawahi kuviona. Sisi wa barabara ya Butembo na Beni tunajua pikipiki inapoingia njia ya hatari imembeba nani, ana watoto wangapi nyumbani, na anadaiwa franka ngapi na mwenye pikipiki. Ujuzi huo ukiingia mchezoni, unaleta haki. Unaufanya mchezo uwe mgumu zaidi pia, na kwa hiyo mtamu zaidi.

Kosa lenyewe

Mchezaji wa Jeep amefanya mambo matatu yasiyowezekana barabarani. Kwanza, amemtumia dereva asiyejua woga. Pili, amepata habari bila mtu wa kuzileta: dereva amekufa, redio imeungua, lakini kamanda anajua yote kwa kuwa macho ya mchezaji yako juu ya ramani nzima. Tatu, hasara haikumuuma, maana pointi zilizopotea ni kidogo kuliko faida aliyopata.

Sasa mtazame motari wa Beni, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayeombwa kwenda Oicha au Eringeti wakati kuna fununu za hatari. Kabla ya kuwasha, anauliza. Nani ametoka huko leo asubuhi? Ameona nini njiani? Malori ya mizigo yamepita? Kama hakuna aliyetoka upande wa pili, anangoja, hata kama abiria ana haraka na pesa ziko mkononi. Motari huyo anafanya upelelezi mzuri kuliko ile Jeep, na hajaondoka hata hatua moja pale anaposubiri wateja. Anathamini roho yake, anathamini chombo chake, na anajua kwamba habari ina maana tu ikiwa aliyeiona amerudi kuisimulia.

Kanuni kuu ya makala haya inatoka kwake: usimwagize dereva wa kete jambo ambalo dereva wa kweli angelikataa. Hiyo ndiyo mizani. Mkibishana juu ya mbinu yoyote ya gari jepesi, ipimeni hapo kwanza kabla ya kutafuta ukurasa wa kitabu.

Dawa ya kosa hili ni ya zamani kuliko simu zetu. Mwaka 1824, ofisa kijana wa Prussia aitwaye von Reisswitz alitoa mchezo wa vita kwa ajili ya kuwafundisha maofisa wenzake, na akauweka chini ya mwamuzi. Wachezaji waliandika maagizo yao na kumkabidhi mwamuzi. Yeye ndiye aliyepima muda wa agizo kufika, na ndiye aliyeamua kila upande unaona nini. Mpelelezi aliyekufa njiani hakumletea kamanda wake habari yoyote. Michezo mingi ya baadaye ilimwondoa mwamuzi ili mambo yaende haraka, na hapo ndipo Jeep ya kutolewa kafara ilipopata nafasi.

Gari jepesi lina heshima yake

Msinielewe vibaya nikaonekana nayapiga marufuku magari madogo. Tarehe 2 Januari 1987, huko Fada kaskazini mwa Chad, askari wa Chad waliokuwa juu ya pikapu za Toyota wakiwa na makombora ya MILAN ya kupigia vifaru waliivunja ngome ya Libya yenye silaha nzito. Zaidi ya vifaru 90 vya Libya viliharibiwa, na mapigano ya mwaka ule yakabaki na jina la Vita vya Toyota. Pikapu ile haina bamba la chuma la kuzuia risasi. Ilishinda kwa sababu dereva alilijua jangwa lake, alikwenda kasi, aliingia kutoka upande ambao haukutegemewa, na kila gari lilikuwa na kazi ya kufanya baada ya kufika. Hakuna kamanda aliyewatuma wale watu wakafe ili ajue bunduki ziko wapi.

Kwa hiyo mchezaji anayezunguka ubavuni kwa pikapu mbili, akapiga na kutoroka, amecheza vizuri, na anayeshindwa naye hana haki ya kunung'unika. Kasi, mshangao na ujuzi wa njia ni silaha halali za gari jepesi. Tunachokataa ni kuligeuza gari kuwa jiwe la kurusha kichakani ili ndege waruke.

Upande wa pili wa ukweli huu tunaujua vizuri Beni. Tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou Ndala, aliyekuwa ameshangiliwa miezi michache nyuma kwa kulishinda kundi la waasi la M23, aliuawa akiwa garini, katika shambulio la kuvizia karibu na uwanja wa ndege wa Beni. Hakuwa askari mgeni wala mzembe. Gari jepesi linampa mtu mwendo, halimpi ngao. Mchezo unaoiruhusu Jeep kusimama wazi katikati ya risasi zamu tatu ikitazama huku na huku umeusahau ukweli huo, na inafaa wachezaji waukumbuke hata kama kanuni zimeusahau.

Makubaliano kabla ya kutupa dadu

Haki huandaliwa kabla ya mchezo. Baada ya Jeep kuungua, kila mtu ana sababu ya kuvutia upande wake. Kaeni dakika kumi, mkubaliane haya, na myaandike kwenye karatasi.

La kwanza ni idadi. Kwa kuwa magari mepesi ni rahisi kununua, mchezaji anaweza kuleta kumi na kumchosha mwenzake kwa wingi wa zamu ndogondogo. Wekeni kiwango: gari jepesi moja kwa kila vikosi vitatu vya miguu linatosha kwa mapambano mengi. Anayetaka zaidi aeleze sababu, kwa mfano kama hadithi ya mchezo ni ya doria ya magari peke yake.

La pili ni thamani ya watu. Gari likipotea, pointi za gari zihesabiwe kama zilivyo, lakini dereva na wenzake wahesabiwe mara mbili. Kanuni hii peke yake huponya nusu ya ugonjwa. Mchezaji anaanza kujiuliza kama habari anayoitafuta ina thamani ya watu wawili, na mara nyingi atateremsha askari mmoja atambae hadi kilimani, kama ambavyo kamanda mwenye akili angefanya.

La tatu ni ujasiri. Gari jepesi likitaka kwenda moja kwa moja kwenye mahali panapojulikana au kushukiwa kuwa na adui, litupiwe dadu. Ikija 1 au 2, dereva anasimama au anageuza. Ikija 3 au zaidi, anaendelea. Mchezaji anaweza kumwongezea dereva moyo kwa kuweka kikosi kingine cha kumlinda kwa risasi. Hapo dadu iongezwe 1. Mtaona jinsi watu wanavyoanza kulisindikiza gari lao badala ya kulisukuma peke yake.

La nne ni safari ya habari. Alichokiona mpelelezi hakiwezi kutumiwa na kikosi kingine mpaka arudi alipo mwenzake, au mpaka zamu moja ipite kama ana redio. Gari likiangamizwa zamu ileile lilipoona, mizinga isipige mahali pale mpaka kikosi kingine kipaone. Hii ndiyo ile dawa ya mwaka 1824, na haihitaji mwamuzi ikiwa nyote wawili ni waaminifu.

La tano ni haki ya kunyamaza. Katika michezo mingi, adui akipita, bunduki yako inapiga yenyewe, hata kama wewe ungependa kubaki umejificha. Kubalianeni kwamba anayevizia anaweza kulitazama gari likipita bila kufyatua. Hivyo ndivyo wanavyofanya wanaovizia kweli: wanangoja kitu kikubwa zaidi. Dereva aliyepita salama akaripoti kwamba njia ni nyeupe anaweza kuwa amedanganywa. Mtu asiyejua kama kimya ni salama au ni mtego hucheza kwa uangalifu.

La sita ni zamu ya mwisho. Kuna wachezaji wanaoficha pikipiki yao nyuma ya ramani mchezo mzima, kisha zamu ya mwisho wanaikimbiza hadi kijijini na kudai kijiji ni chao. Andikeni kwamba mahali panashikwa na askari wa miguu tu, na kwamba lazima wakae hapo zamu mbili kamili. Pikipiki iliyofika imefika. Haijashika kitu.

Barabara, matope na kelele

Haki nyingine ni ya ardhi. Kanuni nyingi ziliandikwa na watu wa nchi zenye lami, na gari kwenye ramani zao hukimbia popote palipo na rangi ya kijani. Anayejua njia za kwetu hawezi kukubali hilo. Mkichora ramani inayofanana na nchi ya kati ya milima ya Butembo na msitu ulio kaskazini mwa Beni, zingatieni mambo ambayo kila abiria wa huku ameyaona.

Wakati wa mvua, udongo mwekundu hubadili kila kitu. Pikipiki hupenya pembeni mwa lori lililokwama, pikapu huhangaika, lori hulala hapohapo. Kwenye tope, pikipiki iende nusu ya mwendo wake, pikapu theluthi, na lori litupiwe dadu kila zamu: ikija 1, limekwama na limefunga njia kwa wanaolifuata. Nje ya barabara, katika mashamba ya kakao na migomba, pikipiki ipite kwenye vijia vilivyochorwa tu. Msituni hakuna gari.

Kiangazi kinaleta vumbi. Gari linalokwenda kasi kwenye barabara kavu linaonekana kwa wingu lake kabla halijaonekana lenyewe, kwa hiyo kasi iwe na bei: anayekimbia aonwe kutoka mbali mara mbili ya anayekwenda taratibu. Kelele nayo ihesabiwe. Injini ya pikipiki husikika bondeni mapema sana, na mchezaji anayedai kwamba kikosi chake kimewavizia watu huku injini zikiunguruma anawaomba wenzake wawe viziwi. Anayetaka kuvizia azime, akae zamu moja akiwa kimya, na akubali kwamba kuwasha tena kutamchukua muda.

Mkiyaweka haya, gari jepesi litapata uzito wake wa kweli. Halitakuwa la kutupwa tena, kwa sababu kulifikisha mahali panapofaa kutakuwa kumegharimu fikra.

Gari jeupe, alama nyekundu na pikipiki ya raia

Hapa naomba msiwe na mzaha hata kidogo. Kuna magari yasiyoguswa, na kuna sura zisizovaliwa kwa hila.

Sheria za vita, kuanzia Mikataba ya Geneva ya 1949 hadi Itifaki za 1977, zinawalinda wagonjwa, waganga na magari yanayowabeba. Zinakataza pia hila ya usaliti, yaani kujifanya raia au mtu wa matibabu ili adui akuamini kisha umuue. Kujificha kichakani ni ujanja halali. Kuipaka Jeep alama ya msalaba mwekundu ili ipite kizuizini na bunduki ndani ni usaliti. Tofauti ni kwamba ujanja wa kwanza unamdanganya adui peke yake, na wa pili unamfanya kila mgonjwa atakayebebwa kesho atazamwe kama adui.

Butembo haihitaji kufundishwa bei ya jambo hilo. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ambayo iliua zaidi ya watu 2,200, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo, Daktari Richard Mouzoko wa Kamerun, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Imani katika gari la mganga ikivunjika, wanaokufa ni wengi kuliko waliokuwa ndani ya gari.

Kwa hiyo mchezoni: gari la wagonjwa halipigwi, halibebi silaha, halitumiwi kupeleleza wala kuziba njia. Anayelipiga amepoteza mchezo papo hapo, hata kama ana pointi mia. Alama yenyewe ya msalaba mwekundu inalindwa na sheria, basi kwenye kete zenu chagueni alama nyingine mnayoielewa ninyi, kama duara la buluu.

Pikipiki za raia nazo ziwemo kwenye ramani, na si kwa mapambo. Wekeni mamotari watatu au wanne wanaotembea kwa dadu, wakibeba abiria, mkaa au ndizi. Anayefyatulia pikipiki bila kuitambua na ikawa ya raia apoteze pointi nyingi kuliko ambazo angepata kwa kuua adui. Askari wenu wasipande pikipiki za raia na kujificha nyuma ya abiria. Mamotari kadhaa wa Beni wamepoteza maisha kwenye njia zetu kwa kosa moja tu, kuwa kazini. Mchezo unaowafanya wawe ngao au shabaha rahisi hautustahili.

Wako watengenezaji wakubwa waliokwisha kulifikiria jambo hili. Mwaka 2017, kampuni ya Bohemia Interactive ya Ucheki, yenye mchezo wa kompyuta wa Arma 3, ilitoa nyongeza iitwayo Laws of War ambamo mchezaji ni mfanyakazi wa misaada anayetegua mabomu yaliyoachwa. Ilitengenezwa kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na sehemu ya mapato ikapewa kamati hiyo. Ikiwa mchezo wa kompyuta umeweza, ramani yenu ya karatasi inaweza zaidi, maana kanuni mnazitunga wenyewe.

Kwenye simu na skrini

Anayecheza Free Fire au PUBG Mobile hawezi kubadilisha kanuni za mtambo, lakini tabia ni yake. Mechi moja ya PUBG Mobile inaweza kuwa na watu 100, wengine kutoka nchi usizozijua, na heshima yako inaonekana hata kama jina lako la kweli halionekani.

Gari la timu ni la timu. Usiondoke na gari la viti vinne ukiwa peke yako huku wenzako watatu wanakimbia kwa miguu na eneo salama linazidi kufinywa. Kabla ya kuondoka, sema; ukisikia mwenzako anasema ngoja, ngoja. Aliye usukani asiruke nje gari likiwa kwenye kasi na kuwaacha wenzake wapondeke. Kama wewe si dereva mzuri, mpe usukani mwenye mkono, hata kama gari umeliona wewe kwanza. Pale ambapo mtambo unaruhusu kumuumiza mwenzako, usimgonge kwa makusudi, wala usiseme ulikuwa utani.

Kwa adui, kuzungusha gari kwa upande na kujikinga nyuma yake ni mbinu ya haki, na kupiga magurudumu yake pia ni haki. Kumgonga anayekupiga risasi ni sehemu ya mchezo. Kumpitia mara tano aliyekwisha kuanguka, huku ukimtukana kwa kipaza sauti, hakukuongezei ushindi wowote. Anayekusikiliza upande wa pili anaweza kuwa mtoto.

Mkicheza mashindano ya mtaa katika chumba kimoja, ongezeni makubaliano yenu juu ya kanuni za mtambo: hakuna kutazama skrini ya mwenzako, hakuna kutumia kasoro ya mtambo inayomruhusu mtu kupenyeza gari ndani ya ukuta, na intaneti ikikatika kwa sababu ya umeme, pambano lirudiwe. Huku kwetu umeme hukatika. Ushindi uliopatikana kwa sababu simu ya mwenzako imezima haufai kusimuliwa.

Ubishi ukitokea

Hata makubaliano mazuri hayamalizi maswali yote. Je, dereva amemwona yule aliye nyuma ya ukuta? Je, pikapu inapita kwenye daraja lile? Chagueni mwamuzi mapema, mtu asiyecheza siku hiyo, na neno lake liwe la mwisho. Kama hayupo, tupeni dadu: 1 hadi 3 kwako, 4 hadi 6 kwangu, na mwendelee. Baada ya mchezo andikeni jibu mtakalolitumia siku nyingine, ili swali lilelile lisiwagombanishe mara mbili.

Ukigundua kwamba mwenzako amesahau kanuni yenye faida kwake, mkumbushe. Ukiona gari lake limeachwa wazi kwa kupitiwa, si kwa uamuzi, muulize kama ndivyo alivyokusudia. Ukishindwa, panga kete pamoja naye na umwambie alichokifanya vizuri. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na meza ya mchezo ni mahali salama pa kujifunza jambo hilo.

Mchezo ubaki mezani

Hili la mwisho ni la usalama, na nawaomba wakubwa walisimamie. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na operesheni za jeshi zinaendelea katika maeneo ya Beni. Bunduki ya mbao mkononi mwa mtoto ni mchezo uani. Karibu na kizuizi cha askari, jioni giza linapoingia, inaweza kumuua. Kukimbizana kwa pikipiki za kweli kwa kuiga mchezo, au kuupita upesi ukaguzi ili kuonyesha ushujaa, ni jambo la kukatazwa kabisa. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Msichore ramani ya mtaa halisi yenye kambi na vizuizi vya kweli. Atakayeikuta mfukoni mwako hatajua kwamba ni mchezo, na hutakuwa na njia rahisi ya kumweleza. Tungeni miji yenu wenyewe, mito yenu, na majina yenu. Msitunge mchezo wa Rwangoma, ambako raia waliuawa Agosti 2016, wala wa kambi ya Semuliki, ambako walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa Desemba 2017. Familia zao ziko hai, na huenda jirani yako wa meza ni mmoja wao. Kama mnataka historia, viko vita vya mbali au vya kale mnavyoweza kuvisoma kwa utulivu.

Angalia pia aliyekaa karibu. Vijana wengi wa Butembo wamefika wakikimbia kutoka vijiji vya Beni na Lubero. Sauti ya risasi kutoka kwenye simu inaweza kumrudisha mtu usiku asioutaka. Tumia visikizio, au punguza sauti. Mtu akisema leo hataki kucheza vita, asiulizwe kwa nini. Pangeni mchezo mwingine, mpira au dama, na siku iendelee.

Mahali pa kuanzia

Kanuni nilizozitaja ni nyingi kwa siku moja. Kwa mchezo wenu ujao chukueni mbili tu: dereva ahesabiwe mara mbili, na habari isitumike mpaka aliyeiona ameileta. Chezeni mara kadhaa, mwone mbinu zenu zinavyobadilika, kisha ongezeni matope, raia na gari la wagonjwa.

Na kila mchezo ukiisha, kabla ya kumtangaza mshindi, kila mmoja aseme kwa sauti ametuma madereva wangapi na wangapi wamerudi. Waliofungana kwa pointi watenganishwe kwa hesabu hiyo: aliyerudisha watu wengi ndiye ameshinda. Iandikeni kanuni hii mwishoni mwa karatasi yenu ya makubaliano, muisaini wote wawili, ndipo mtupe dadu.